Kilele cha Jiji la Sawasawa

Ipo nchi ambayo haimo katika ramani yoyote, kwa sababu ramani zake bado zinasubiri saini. Wananchi wake ni watulivu, viongozi wake wana maono, na baina ya hao na hao kuna mlango wenye mlinzi. Makao makuu yake ni jiji la Sawasawa, lililolala kando ya Mto Rumbe, na jambo la kwanza la kusema kuhusu jiji hilo ni kwamba halina kilima. Halina hata kichuguu cha kujivunia. Ukimwaga maji ya kuoshea vyombo uani yanabaki pale pale, hayajui yaelekee wapi, mpaka jua liyahurumie.

Kwa sababu hiyo watu wa Sawasawa walikuwa watembeaji hodari. Mtu hakuchoka, basi hakuwa na sababu ya kukaa. Kulikuwa na njia ya kupita nyuma ya matanuri ya matofali, na njia ya kukatisha mashamba ya mpunga hadi mnada wa ng'ombe. Kulikuwa na njia ya wanaokwenda hospitali, na nyingine, ndefu zaidi, ya wanaotoka hospitali wasiotaka kuulizwa habari. Iliyopendwa kuliko zote ilipita juu ya tuta la mto, yaani ule udongo ulioshindiliwa kimo cha watu wawili kuzuia Rumbe usiingie mjini. Asubuhi wazee walikwenda huko kunyoosha magoti, na jioni wachumba walikwenda kuzungumza mambo yasiyo na mwisho.

Njia zote hizo zilipimwa na mtu mmoja, Bi. Sikitu Kiponza, Mpimaji wa Njia Daraja la Pili katika Wizara ya Matembezi na Mandhari. Daraja la Kwanza lilikuwa la bwana mmoja asiyetembea. Sikitu alikuwa na gurudumu la kupimia lenye mpini mrefu, ambalo lililia kwii kila baada ya hatua tano. Kila siku ya kazi aliianzia kwa mama yake, Bi. Siwema, katika mtaa wa Mikindu, chini kabisa ya tuta, ambako mapaa ya nyumba yalikuwa chini ya nyayo za wapita njia. Alikunywa chai, akaulizwa kwa nini amekonda, ndipo akapanda tuta na gurudumu lake.

Balaa, au tuseme maendeleo, yalianza pale Mheshimiwa Waziri Mbonea Kagusa alipokwenda ziara ya mafunzo katika nchi rafiki. Nchi hiyo ni ya milima mitupu. Waziri alipandishwa, akateremshwa, akarudi nyumbani na malengelenge ya miguu na kitabu kiitwacho Kanuni za Njia za Matembezi. Kwa kuwa serikali haipendi kupoteza muda kuandika kilichokwisha kuandikwa, kitabu kilipigwa chapa vilevile, likabadilishwa jina la nchi tu. Katika ukurasa wa tisa jina hilo lilisahaulika, na mpaka leo wakazi wa Sawasawa wanatakiwa kisheria kujihadhari na maporomoko ya theluji.

Kifungu cha nne cha kitabu kilisema: "Kila njia ya matembezi itakuwa na kilele, ambapo mtembeaji atasimama, atahema, na kutazama alikotoka." Wanasheria wa wizara walikisoma kwa makini, wakahitimisha kwamba njia isiyo na kilele si njia, ni uwazi tu kati ya nyumba na nyumba. Njia zote arobaini na tatu za Sawasawa zikafutwa Ijumaa moja kabla ya chakula cha mchana, na aliyeonekana akizitumia akahesabiwa kuwa hatembei, bali anazurura.

Askari wa matembezi wakamwagwa mitaani. Fundi mmoja aliyekuwa amebeba mlango mgongoni alisimamishwa karibu na mnada.

"Unatembea?" akaulizwa.

"Hapana, afande. Nimesimama, ila naendelea."

Askari alitafakari, akaona maelezo yamenyooka, akamruhusu aendelee kusimama mpaka kwake. Si wote waliobahatika hivyo. Wachumba wawili walikamatwa juu ya tuta kwa kosa la kwenda bila kufika. Walipoulizwa walikuwa wanaelekea wapi, kila mmoja alimtazama mwenzake amjibie, na uchumba ukavunjika hapo hapo mbele ya afande.

Sikitu akapewa siku kumi na nne atafute mwinuko ndani ya mipaka ya jiji. Alizunguka na gurudumu lake mpaka mpini ukamtia sugu. Alikuta jalala la nyuma ya machinjio, ambalo lilikuwa na kimo cha kutosha lakini lilikuwa mali ya Wizara ya Afya na lenyewe liliogopwa na Wizara ya Afya. Alikuta pia jukwaa la kuhutubia, mita moja na nusu, ambalo mwananchi haruhusiwi kulipanda. Basi.

Kikao kiliketi Jumanne, chai na vitumbua vikitangulia ajenda. Sikitu alisoma taarifa yake.

"Kitu pekee kilichoinuka, Mheshimiwa, ni tuta la mto. Ila nalo ni refu tu, halina kilele. Ukishapanda umepanda, unakwenda hivyo hivyo kilomita kumi na mbili."

Akaketi. Kwa kuwa tangu alfajiri alikuwa hajatia kitu tumboni zaidi ya chai ya mama yake, akachukua kitumbua.

"Kwa hiyo udongo tunao," alisema Mhandisi Mkuu, Bwana Kibwe, mtu ambaye hakuwahi kukosa jibu, hata kabla ya kuulizwa. "Umerundikwa pale kilomita kumi na mbili nzima, na haufanyi kazi yoyote. Tuchote kiasi, tujenge Kilele cha Taifa hapa mbele ya wizara."

Waziri aliweka kikombe chini. "Tuta lile liliwekwa la nini?"

"Inasemekana ni kuzuia mto usiingie mjini, Mheshimiwa."

"Na tangu liwekwe, mto umeingia mjini mara ngapi?"

Mhandisi alipekua karatasi zake. "Kwa miaka arobaini na moja, Mheshimiwa, hata mara moja."

"Sasa," alisema Waziri, akiitazama meza nzima kwa huruma, "tunazuia nini?"

Meza nzima iliinamia madaftari kwa kuvutiwa na hoja. Sikitu peke yake alikuwa na jibu. Mdomo wake, hata hivyo, ulikuwa na kitumbua, na kitumbua chenyewe kilikuwa cha moto. Akanyoosha mkono.

Hapa yafaa kueleza desturi ya wizara ile. Mkono ukinyooshwa kikaoni ulikuwa na maana moja tu, kwamba mwenye mkono anaunga hoja. Alama ya kupinga haikuwahi kubuniwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuihitaji. Na mkono mmoja ulitosha. Mzoefu wa vikao akiwashwa kichwani alikisugua kwenye kiegemeo cha kiti, na akitaka maliwato aliomba kwa macho. Sikitu, ambaye maisha yake yalikuwa njiani na si mezani, alisahau.

"Imeungwa mkono na Bi. Kiponza," alisema katibu, akaandika.

Sikitu alimeza kitumbua kizima kizima. "Hapana, Mheshimiwa, mimi nilitaka..."

"Kushukuru," alisema Waziri. "Tumepokea shukrani."

Kesho yake alipofika Mikindu, mama yake alikuwa amekaa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bi. Siwema hakuinua macho. "Kaa. Au nawe umesimama ila unaendelea?"

Sikitu akakaa.

"Gari la matangazo limepita hapa mara tatu," mama aliendelea. "Linasema tuta linachimbwa kwa kuungwa mkono na Bi. Sikitu Kiponza wa Mikindu. Majirani wamekuja kunipa pole. Mama Tausi amekuja kunipa hongera, lakini yule masikio yake unayajua."

"Mama, mimi nilinyoosha mkono nipinge."

"Ukapinga kwa mkono. Mdomo ulikuwa na nini?"

"Kitumbua."

Bi. Siwema aliacha kuchambua. Akaliangalia tuta lililosimama nyuma ya jiko lake. "Hilo tuta nililijenga mimi," akasema. "Mimi na wenzangu, mwaka ule mto ulipotulaza juu ya mapaa siku tisa. Nilikuwa na mimba yako ya miezi saba, nabeba karai la udongo kichwani, na wewe tumboni unapiga mateke. Kumbe tangu wakati ule hukuipenda hii kazi."

Kwa aibu Sikitu akaanza naye kuchambua mchele. "Mama, masika yanakuja. Hamia kwangu."

"Kwako ghorofa ya tatu. Kuku wangu nitawafundisha ngazi kwa umri huu? Siondoki. Wewe uliyenyoosha mkono ndiye ushushe ulichokipandisha."

Malori yakaja. Yalichagua kuchimba nyuma kabisa ya jiko la Bi. Siwema kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kugeuzia. Kwa wiki tatu yalichota, na tuta likabaki na pengo ambalo Sikitu alilipima kwa hatua thelathini na mbili, gurudumu likilia mara sita. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Bi. Siwema aliweza kusonga ugali huku anauona mto. Alichomeka kijiti kwenye ukingo wa maji ili ajue Rumbe unafikiria nini. Siku ya tano kijiti hakikuonekana. Akachomeka kingine, karibu zaidi na jiko.

Sikitu akaenda Wizara ya Maji. Ofisa alimsikiliza kwa adabu zote.

"Mto uko wapi kwa sasa?" akauliza.

"Uko mtoni."

"Basi haujahama. Ukihama, njoo na fomu ya uhamisho, iwe imesainiwa na mjumbe wa kule ulikotoka."

Akarudi kwenye wizara yake mwenyewe, akaomba kuandika malalamiko kuhusu tuta. Katibu alifungua muhtasari wa kikao, akaupitisha kidole, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hapa imeandikwa uliunga mkono, dada. Utajilalamikia vipi mwenyewe? Ukijiandikia barua ya kujilaumu, wewe ndiye utakayepaswa kuijibu ndani ya siku thelathini."

Siku thelathini hazikuwapo. Mvua ilikwisha kuanza huko juu mto unakotoka, na maji yalipita yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yamebeba migomba mizima mizima. Kijiti cha nne cha Bi. Siwema kilisimama hatua kumi kutoka jikoni. Sikitu aliogopa, na alipokuwa akiogopa alifanya jambo ambalo hakuna mtu wizarani aliyewahi kulifanya, akiwemo aliyetia saini. Alikisoma kitabu cha Kanuni mwanzo hadi mwisho.

Siku ya pili akaomba nafasi kikaoni. Safari hii hakugusa kitumbua, na mikono yote miwili aliifunga kwenye ncha za khanga chini ya meza. Alikuwa pia amejifunza lugha ya mahali pale.

"Mheshimiwa, nimekuja kushukuru," akasema.

"Shukuru," alisema Waziri.

"Nashukuru kwa kitabu. Nashukuru hasa kwa kifungu cha kumi na tisa."

Waziri, ambaye hakukijua kifungu cha kumi na tisa hata kwa sura, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu aliyekitunga. "Kikumbushe kikao," akasema.

"Kinasema, 'Kilele kitakuwa mahali ambapo mtembeaji, akigeuka, ataona maji.' Hapa mbele ya wizara, Mheshimiwa, mtembeaji akigeuka ataona kantini."

"Kuna tangi la maji la wizara," alisema Mhandisi Kibwe.

"Limekauka tangu mwaka juzi, Mhandisi."

Waziri alianza kukunja uso, maana mbele ya wizara palikuwa na lundo la udongo malori mia sita, na mwaliko wa nchi rafiki ulikuwa umeshatumwa. "Maji yanaonekana wapi?" akauliza.

"Mikindu, Mheshimiwa. Kwenye lile pengo. Pale mtu akigeuka, na hata asipogeuka, anaona maji." Akaweka mchoro mezani. Kilele kilichorwa vizuri, na chini yake kitako cha hatua thelathini na mbili.

"Mbona kitako kirefu hivi?" aliuliza Mhandisi. "Kwa kilele cha kimo hiki hatua kumi zinatosha."

Sikitu alijibu akimtazama Waziri. "Kama taifa linatosheka na kitako chembamba, tutapunguza."

Waziri aliona uchungu kwa niaba ya taifa. "Kisipungue hata hatua," akasema. "Anayeunga mkono?"

Sikitu akaifungua mikono yake kwenye khanga, akanyoosha mmoja juu kadiri ulivyofika.

Malori yale yale, na madereva wale wale, yakaanza kurudisha udongo ule ule. Watu wa Sawasawa walisimama kandokando ya barabara, kusimama kwa kweli safari hii, wakiutazama unapita. Gari la matangazo likawaeleza kwamba hii ni Awamu ya Pili. Lakini udongo uliomwagwa ni laini, na kwa udongo laini Rumbe ungepita kama maji kwenye uji. Mashine ya kushindilia ilikuwepo, ila ilikuwa inasubiri kuzinduliwa. Sikitu akafungua tena kitabu, akabandika tangazo kwa mkono wake: kwa mujibu wa kifungu cha ishirini na sita, njia mpya ni lazima ikanyagwe na umma kabla ya kufunguliwa, na wakanyagaji hawatabughudhiwa.

Walikuja watu wa mji mzima. Walikuwa na miezi minne hawajatembea kihalali, na miguu iliwawasha. Walikuja wazee na magoti yao, mafundi na milango yao, wauza samaki, wanakwaya, na wale wachumba wawili, kila mmoja akishika upande wake wa udongo. Walipanda na kushuka, walizunguka, wakakanyaga tangu asubuhi mpaka magharibi kwa siku nne, wakiimba nyimbo ambazo nyingine hazifai kuandikwa. Bi. Siwema alitembea mbele, karai tupu kichwani, kwa sababu, alisema, bila karai hakumbuki hatua zake. Siku ya tatu wachumba wale walionekana upande mmoja.

Kilele kikazinduliwa Jumamosi. Waziri alifika kwa gari, akapanda mita zote sita akishikwa huku na huku. Juu kabisa alisimama, akahema kwa dakika mbili kwa mujibu wa kifungu cha nne, kisha akatazama alikotoka, yaani kwenye gari. Wageni wote wa heshima walitazama huko huko, wakapiga makofi. Hakuna aliyegeuka nyuma, kwani kuona maji kulikuwa kwa watembeaji, na wao walikuwa wageni. Bi. Siwema peke yake aligeuka. Nyuma ya mgongo wa Waziri Rumbe ulikuwa umepanda mpaka kimo cha kifua cha mtu, unavuma, unasukuma, unatafuta lile pengo ulilolizoea na haulioni.

"Mwambie apunguze kuhema," alimnong'oneza Sikitu. "Asije akautikisa."

Udongo ulikaa. Maji yalisimama pale siku kumi na moja, yakapungua, yakaenda zao. Nyumba ya Bi. Siwema haikulowa hata kizingiti. Kuku hawakujua kulikuwa na nini. Njia zote arobaini na tatu zikaandikishwa upya kwamba zinapitia Kilele, hata ile ya hospitali, na watu wakarudi kutembea. Sikitu akapewa cheti cha kushiriki, ambacho mama yake alikitumia kufunikia mtungi.

Mwaka mmoja baadaye Waziri akaenda ziara nyingine ya mafunzo, safari hii katika nchi rafiki ambayo yote ni tambarare. Akarudi bila malengelenge na kitabu kipya, Kanuni Zilizoboreshwa. Kikao kiliitwa Jumanne. Kilikuwa na vitumbua.

"Kifungu cha nne," alisoma Waziri mwenyewe. "'Njia ya matembezi haitakuwa na mwinuko wa aina yoyote, ili wazee wasihangaike.' Kile Kilele cha Mikindu, tangu tukijenge, mto umeingia mjini mara ngapi?"

"Hata mara moja, Mheshimiwa," alisema Mhandisi Kibwe.

"Basi kina kazi gani? Kisawazishwe. Anayeunga mkono?"

Hakuna aliyetikisika. Tangu gari la matangazo limtangaze Bi. Kiponza mtaa kwa mtaa, kila mtu wizarani alikuwa ameanza kulipenda jina lake mwenyewe lisipotajwa. Mhandisi alikishika kikombe kwa mikono miwili. Katibu alikaza kalamu. Waziri alisubiri, akauliza tena, akasema kikao hakitafungwa mpaka mkono mmoja uonekane.

Sikitu aliikalia mikono yake yote miwili. Joto lilikuwa kali, na vitumbua vilikuwa vimewaita nzi. Mmoja alizunguka meza, akampita Mhandisi, akampita katibu, akaja akatua juu ya mdomo wa Sikitu. Ngozi ilimsisimka mpaka masikioni. Alimwaza mama yake, muda ule lazima anasonga ugali nyuma ya Kilele, na mikono haikutoka chini. Nzi akaanza kupanda pua taratibu, bila kibali, akafika juu kabisa. Pale akasimama, akahema, akatazama alikotoka.